Inakataa Wapi?

Mlandege, Iringa

Lutengano,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu karatasi haishiki virusi. Huku mvua zimeanza. Marta, ninayekaa naye chumba kimoja, bado anakusifu, masikini, eti mchumba wangu ni mtaalamu wa kompyuta.

Mtaalamu! Flashi yako ya nyimbo za kwaya ndiyo iliyoniharibia utafiti wangu wote. Fundi alipoisafisha laptop akanishauri nibadilishe nywila, ile "kamwene" uliyokuwa unaijua. Nikabadilisha Jumapili baada ya ibada, sikumwambia mtu. Jumatatu laptop ikaibwa chumbani, kufuli halijaguswa, na wewe, mwenye ufunguo wa pili, ukawa umeshapanda basi la Mbeya.

Halafu ukanipigia simu. "Pole mpenzi. Hivi mbona 'kamwene' inakataa? Polisi watauliza."

Inakataa wapi, Lutengano? Kama laptop anayo mwizi, wewe ulikuwa unaandika salamu yetu ya Kihehe kwenye nini? Hata mwizi wa kuku anajua kunyamaza.

Dada yako Gloria aliikuta laptop chini ya kitanda chako huko Mbeya, jana kaniletea mwenyewe, kwa aibu yake si yako. Nimeshaweka nywila nyingine, kwa hiyo ile naweza kukutajia. Ilikuwa "ugonile". Nilikuwa najifunza Kinyakyusa ili nije nimsalimie mama yako. Salamu unayoisikia nyumbani kwenu kila asubuhi, na hukuijaribu hata mara moja, kwa sababu hukudhani ningejisumbua kwa ajili yako.

Ufunguo wangu mpe Gloria.

Eveline