Duara Jekundu la Krottenstein

Krottenstein, 12 Oktoba

Dada yangu Gunda,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Henning, na kwamba upepo wa Hamburg haujakurudishia kile kikohozi. Sisi huku hatujambo. Goti langu linanung'unika nikipanda na linanung'unika nikishuka, lakini kwenye tambarare tunaelewana. Baba, na miaka yake themanini na tatu, bado anamaliza matonge matatu ya viazi na kuuliza la nne limekwenda wapi.

Habari kubwa ni kwamba mwezi wa nane Baba alinikabidhi brashi. Ndiyo, mdogo wako sasa ndiye mtunza njia wa chama chetu cha matembezi. Alama za mzunguko wote ni juu yangu, kuanzia kanisani, kupanda msituni hadi kwenye majabali ya chokaa, kushuka mtoni, kuvuka daraja la kinu na kurudi nyumbani. Brashi hiyo imekaa kwetu tangu enzi za babu Kilian, mzaa mama. Niliipokea kwa hotuba ndefu mno, na Hedwig, mwenyekiti wetu, akanikumbusha kwamba nimepewa brashi, sijapewa uaskofu.

Nikapaka rangi siku sita. Nilichukua kopo kwenye banda la Baba, ambako makopo yote yamechuruzikiwa rangi hata maandishi hayasomeki, nikachora duara kwenye kila njia panda. Nikirudi nyuma kutazama, alama zangu zilionekana kwa taabu, kama zilivyoonekana miaka yote. Nikajua kazi imetoka vizuri.

Jumapili iliyopita ukafika mtihani. Unakijua kile kisheria chetu: mtunza njia mpya hutembea nyuma ya wote na haruhusiwi kusema neno, alama ndizo ziseme. Wakipotea, brashi inapewa mtu mwingine. Tulikuwa kumi na tisa, Baba akiwa mbele na fimbo yake, na nyama ya nguruwe ilikuwa tayari imeingia tanuri hotelini kwa ajili ya saa saba.

Hatukufika hata majabalini. Kwenye njia panda ya kwanza msituni walisimama, wakazunguka miti kama kuku waliopoteza yai. Hedwig akaniuliza kama alama nimeziacha mfukoni. Mwingine akasema labda nimezichora kwa maji. Mimi kimya, nacheka moyoni, maana duara lilikuwa palepale mbele ya pua zao. Wakashika njia ya kushoto. Baada ya saa nzima tukatokea kwenye zizi la ng'ombe la kijiji cha pili, na ng'ombe wakatushangaa.

Tuliporudi pale, Baba aliusogelea mti, akakwangua ukoga kwa kucha, kisha akaniuliza polepole ni kichaa gani anayepaka rangi ya kijani kwenye mti wa kijani. Ile rangi ya mabenchi, Gunda! Njia nzima!

Ningeweza kusema makopo yalifanana. Hedwig mwenyewe alianza kunitetea hivyo. Lakini nilimwona Baba anatazama ardhi kwa aibu, nikavunja kile kisheria nikasema. Nikawaambia wote kwamba nyekundu na kijani kwangu ni kitu kimoja tangu kuzaliwa, na ni wewe peke yako uliyejua. Nikamwambia Baba pia habari ya kile kikapu cha stroberi mbichi, kwamba niliyezichuma ni mimi, nikakusingizia wewe, nawe ukalala bila chakula na hukunitaja. Miaka arobaini na sita nimekaa na kikapu hicho. Nisamehe, dada.

Baba hakunikemea. Aliketi juu ya jiwe akasema kwamba babu Kilian alichora duara jeupe ndani ya mraba mweusi, na yeye ndiye aliyelibadilisha kuwa jekundu, lipendeze. Tangu siku hiyo mzee hakutembea na chama tena. Alisema haioni njia yake. “Nikadhani ananionea wivu,” Baba akasema, “kumbe alikuwa ananiambia kweli.”

Tulifika hotelini saa tisa, nyama imekauka kama soli, tukaila yote. Walipiga kura kabla ya bia ya pili. Brashi inabaki kwangu, ila mwakani duara linarudi kuwa jeupe ndani ya mraba mweusi, na Hedwig ameandika majina kwenye makopo kwa herufi ambazo hata ng'ombe wale wangezisoma. Nitaipaka njia yote upya, na safari hii nitaiona.

Baba ameagiza uje mwezi wa sita. Anasema anataka kukuandalia kile chakula cha usiku mwenyewe. Nami nitakupeleka majabalini, kikapu nitabeba mimi. Kuchuma utachuma wewe.

Msalimie shemeji. Baba anakusalimu mara mbili, kwani amesahau kwamba ameshakusalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Ottmar, mtunza njia