Baba Yako Hatafichwa

Nyumba za nyuma ya kambi ya polisi,
Ntinda, Kampala.
Jumapili, 16 Novemba 2025.

Mpendwa mjukuu wangu Oola, mume wangu wa uzeeni,

Umepotea wapi wewe mtu? Hata mbuzi aliyekata kamba hurudi jioni kuona kama maganda ya matoke yamebaki. Uliondoka hapa na ndevu tatu, zote nazijua, na sasa kwenye picha naona kidevu kizima cheusi ambacho mkono wangu haujakigusa. Huko Ubelgiji wamekufungia mlango? Au ndege za kuja Entebbe hazibebi watu wanaorudi kwao?

Habari za huko basi. Kifua chako kinaendeleaje na hiyo baridi? Unakula? Usiniambie mkate. Mkate si chakula, mkate ni kitu cha kungojea chakula. Mimi ni mzima, isipokuwa goti moja limekataa kazi, nami nimelizoea kama mtu anavyomzoea jirani mwizi. Shangazi yako Acen mzima, bado yuko Kyambogo anawapikia wanafunzi. Jirani yangu Sitti mzima, na mdomo wake ni mzima kuliko yeye. Anayeandika hapa ni Hasifa, mkwe wa Sitti, maana mimi kalamu sikushikishwa. Nimemwapisha aandike ninavyosema, asiyatie sukari. Mwandiko mzuri ni wake, maneno mabaya ni yangu.

Salamu zimekwisha. Sasa kaa chini.

Baba yako hali. Sisemi hali yake, nasema hali, chakula hakili. Nikimletea kijiko cha uji anageuzia uso ukutani. Nikimbana pua afungue mdomo, anafungua, halafu anautema wote kifuani pangu. Anakubali maji tu, tena ya kukamuliwa kutoka kwenye kitambaa, kama kifaranga. Daktari anasema tumtie mpira puani. Nimemwambia, daktari, mtu huyu haumwi koo, anaumwa mtoto.

Nikueleze ilivyokuwa, maana nadhani hujui. Acen alikuja mbio na simu yake. "Mama, Oola ametuma sauti!" Akaiweka juu ya mto, sikioni kwa baba yako, akaifungulia mpaka mwisho. Mimi na Sitti tulikuwa tunamgeuza, Sitti ameshika miguu. Ukaanza, "Shangazi, hamjambo huko." Hee! Mwanangu Otim akacheka. Tangu kiharusi kimwangushe sijamwona akicheka vile. Ule upande wa uso ulio hai ukapanda juu, mate yakamtoka, mkono wake mzima ukawa unapapasa shuka kukutafuta.

Halafu ukasema yale mengine. Kwamba Januari utapewa upadri kanisa kuu la Lubaga, na kesho yake misa ya shukrani nyumbani, na askofu na mapadri watakuja, na profesa wako mzungu. Kwamba Baba apelekwe kwa masista siku hizo mbili tatu. "Hali yake mnaijua. Ile harufu. Nataka watu wamkumbuke alivyokuwa. Ni kwa heshima yake."

Acen akairukia simu aizime, ikamponyoka, ikaingia chini ya kitanda. Nawe ukaendelea kusema huko uvunguni, heshima, heshima, sisi tunakutafuta kwa ufagio.

Otim alikuwa ameshaacha kucheka, lakini uso wake siku hizi ni mzito kushuka, ule upande ulibaki juu kwa muda, kama mtu aliyesahau kuteremsha bendera. Sitti akaegesha ufagio ukutani. Alisema, "Ndiyo maana sisi tunasema Mungu hakuzaa. Aliona mbali."

Hasifa hataki kuandika hilo. Anasema astaghfirullah, mama mkwe atakuja kuulizwa. Andika, Hasifa. Alisema au hakusema?

Sasa nakuuliza wewe msomi. Hicho kitabu unachoandika huko miaka yote ni cha nini? Si cha Mungu kuwa mtu? Si wewe uliyekuwa unanipigia simu Jumapili, mimi nachambua mchele, ukinisimulia ugomvi wa wale wazee wa kale? Nilikuwa nakupenda kuliko redio. Kulikuwa na wale waliosema mwili wa Yesu ulikuwa kivuli tu, akipita mchangani haachi nyayo. Kulikuwa na mwingine aliyesema Yesu alikula na kunywa lakini chooni hakwenda, chakula kilikwisha humo humo kitakatifu. Siku ile nilicheka mpaka mchele ukamwagika. Kulikuwa na Ario, aliyesema Mwana ni kiumbe mkubwa kuliko wote, lakini Mungu mwenyewe hapana, Mungu hawezi kushuka kiasi hicho. Na Nestori, kama siwachanganyi, aliyesema mdomo wake hauwezi kumwita Mungu mtoto wa miezi miwili anayenyonya. Wakatukanana, wakafukuzana mijini, maaskofu wakapigana mateke na kofia zao.

Nikakuuliza, watu hawa walikuwa wabaya? Ulishusha sauti, ndiyo maana nakumbuka. Ulisema, "Hapana, Jjajja, bibi yangu. Wengi wao walikuwa wanamtunzia Mungu heshima."

Umeisikia? Ni heshima ile ile uliyoisema uvunguni mwa kitanda. Mmoja alimfichia Mungu choo, mmoja akamfichia kunyonya, mmoja akamfichia damu. Wewe unamficha Otim mzima mzima, na kitanda chake.

Tena ni wewe uliyenikataza ile sala yetu. Sisi wake wa askari tulifundishwa zamani, "Mwana wa Mungu alijifanya mtu." Ukaniambia, Jjajja, kujifanya ni mchezo. Obwona anajifanya inspekta ili apewe chapati bure, na kambi nzima inajua yeye ni mlinzi wa geti. Sema "akawa mtu." Nikaona ni kweli. Nikaenda kwenye jumuiya nikatangaza, kuanzia leo tunasema akawa. Katekista Erinayo akanijibu kwamba sala haitengenezwi na mtu asiyejua a wala be. Nikamwambia, wewe unazijua zote, lakini kulala unasema kurara.

Mjukuu wangu, tuligawanyika. Benchi hili alijifanya, benchi lile akawa, kila upande unapaza sauti uuzamishe mwingine, watoto wanapiga makofi wakidhani ni mashindano ya kwaya. Nilinyang'anywa kuongoza rozari. Niliitwa mzushi, mimi niliyefagia kanisa lile Erinayo hajaota meno. Mpaka leo wapo wasionipa mkono wakati wa kutakiana amani. Nilimeza. Nilisema, Oola amesoma, Oola anajua, Mungu hakujifanya.

Kumbe anayejifanya ni wewe.

Umeumia? Vizuri. Soma tena hapo juu uumie mara ya pili, halafu tuendelee.

Harufu ipo. Sitakudanganya. Inampokea mgeni mlangoni kabla yangu. Asubuhi namfungua nepi, namwosha, nampaka mafuta pale mgongoni ngozi ilipofunguka, na kabla sijamaliza kumfunika ameshachafua tena. Usidhani mimi ni malaika. Siku nyingine namwambia, Otim, si ungekufa tu tukapumzika wote wawili? Ananitazama. Halafu naenda kuchota maji mengine. Sitti haamini hata kidogo kwamba Mungu alitoka tumboni mwa mwanamke, tumebishana hilo tangu tukiwa na meno yetu, na juzi ameniuliza tena, "Huyo Mungu wenu nani alimfulia nepi?" Nikamwambia, Mariamu. Akasema, "Maskini Mariamu," akajifunga leso kiunoni, akaniambia, "Haya, mshike mabega, mimi nina miguu."

Sasa nikupe jambo ambalo baba yako hakukwambia, maana si mtu wa kujisifu, na leo hana ulimi wa kusema. Ulipokuwa mchanga, mama yako Santa, Mungu amrehemu, alikuwa amelazwa, na wewe pua ikaziba. Ulikuwa huwezi kunyonya chupa, huwezi kupumua, umekuwa rangi ya bilinganya. Otim akarudi kutoka lindoni na buti zake. Akakunyanyua, akaweka mdomo wake juu ya pua yako, akayanyonya yale makamasi, akatema mlangoni. Akarudia. Wenzake walikuwa wamesimama pale wanamngoja waende kunywa. Olal akamwambia, "Afande, hiyo kazi ya wanawake." Baba yako akanyonya tena, akatema, safari hii karibu na kiatu cha Olal. Hakuuliza masista wako wapi wakutunze mpaka wageni waondoke.

Ndiyo pua hiyo hiyo inayosikia harufu yake leo.

Sikiliza nilivyoamua. Misa itasomwa uani kwangu, siyo hotelini, siyo kwa mtu mwingine. Kitanda cha Otim kitatoka nje. Kitakaa mbele, na profesa wako atakaa nyuma yake. Upepo ukivuma kutoka kwa Otim kwenda kwa askofu, askofu naye ana pua, Mungu alimpa. Nitamvika shati lake la bluu na nitamchana nywele, lakini nepi ataivaa, na kama itajaa katikati ya mahubiri tutaibadilisha katikati ya mahubiri. Usipotaka, usije na divai yako. Nitamwita Erinayo atusalishe, aseme alijifanya, nami nitaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, nikikutaja kwa jina.

Lakini hiyo ni Januari, na Otim hafiki Januari kwa maji ya kitambaa. Mbavu zake nazihesabu kupitia shati. Kwa hiyo usinitumie sauti nyingine. Acen alitaka urekodi maneno mapya, ya kuomba radhi, amwekee tena sikioni. Nimemkatalia. Nilimwona Otim akiitafuta ile sauti kwa mkono juu ya shuka na asipate kitu cha kushika. Sitaki kumwona hivyo tena. Mungu mwenyewe alikuwa na sauti tangu zamani, anaita manabii milimani, ngurumo na moshi, kubwa kuliko simu ya Acen. Akaona haitoshi. Akaja.

Njoo sasa, kabla ya Noeli. Mwambie profesa wako kwamba baba yako anakufa njaa kwa ajili ya maneno yako, na kitabu kingoje. Kama atakuuliza kwa nini baba asilishwe na wengine, mwambie tumejaribu. Uji amekataa, mchuzi amekataa, hata yale maziwa mala aliyokuwa anayaiba akiwa mtoto ameyakataa. Sijui kama atakufungulia mdomo wewe. Sikuahidi. Inawezekana utasimama pale na kijiko na ageuzie uso ukutani kama anavyonifanyia mimi, na utakuwa umestahili. Lakini nataka iwe hivyo, wewe umesimama pale na kijiko.

Usidhani nakuchukia. Ningekuchukia ningemwambia Hasifa aandike mistari miwili na tungelala mapema. Wewe ndiye niliyekubeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda, na ukiulizwa Ubelgiji kwa nini bibi yako ameinama, sema ni wewe. Siku utakapopanda altareni nitapiga vigelegele mpaka Kyambogo wasikie. Nakutaka padri. Lakini padri mwenye baba.

Acen anakusalimu, bado ana aibu ya ile simu, ingawa kosa si lake. Sitti anakusalimu na kusema ukija atakuchinjia jogoo wake mwekundu, na kabla ya kukukaribisha mezani atakutukana, ujiandae kwa yote mawili. Hasifa anakusalimu, mkono umemuuma. Erinayo naye anakusalimu, nusu nusu. Baba yako hasalimu.

Yule aliyezaliwa na damu yake na kilio chake, akafutwa na mama yake kama sisi wote, akupe kiti kwenye ndege, akutoe woga, akulete kwenye mlango huu ukiwa na mwili wako wote.

Ni mimi ninayekupenda hata nikiwa na fimbo mkononi,
Jjajja wako,
Ayaa.

Hasifa alikuwa ameshaikunja karatasi, nimemwambia aikunjue. Ngozi ya baba yako sasa ni kama utando wa juu ya maziwa, ukiigusa vibaya inatoka na kidole. Ukija, kata kucha kabla hujaingia.