Tumbo la Tufani

Shieywe, Kakamega
12 Oktoba 1979

Baba yangu mpendwa, Mzee Elkanah,

Mulembe, Baba. Goti lako linasemaje siku hizi za mvua? Na Mama, kikohozi kimempungukia? Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo. Usimwambie Mama, maana atanitumia kuku wote wa boma. Huku mji umejaa watu. Matrekta ya miwa yanapita tangu alfajiri, na kila mwenye nusu ekari amepanda miwa hadi mlangoni.

Uliniuliza kazi yangu kiwandani ni ipi hasa. Baba, kazi yangu ni kungoja. Molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa kwenye miwa, huchanganywa na maji na hamira ndani ya matangi marefu kuliko nyumba yetu. Baada ya hapo hakuna anayefanya lolote. Hamira inakula utamu na kuugeuza spiriti, nami napanda ngazi kupima joto na ukali wake. Povu linapanda taratibu, na ndani kunanguruma polepole. Saa nane mchana nikiegemea tangi, lina joto kama ubavu wa mnyama, na macho yananilegea. Naiona miteremko ya nyumbani, namwona fahali wetu Tufani amelala majanini akicheua, nami ni msichana mdogo nimeweka sikio tumboni mwake. Ulikuwa ukinifukuza, nami nikirudi. Sauti ni ile ile.

Mwezi jana nilimweleza mkuu wetu wa maabara, Chrispinus, nikidhani atanicheka. Alisema siyo ndoto. Ng'ombe naye ana tangi lake tumboni. Vinavyoyachachusha majani humo ni vijidudu visivyoonekana, na gesi yao hutoka akibeua. Lakini akipewa utamu mwingi kwa ghafla, vijidudu vibaya huzidi, tumbo huwa kali kama siki, naye huyumba kama mlevi, hulala, na huenda akafa. Kisha akaniuliza mbona nimekaa sakafuni.

Baba, unakumbuka fahali wako alivyokufa. Jumamosi ile ya vita vya mafahali Khayega nzima ilikuwa imefika, ngoma za isukuti zinalia, na Tufani akaingia uwanjani akiyumba. Alipiga magoti kabla hajagusana pembe na mwenzake, na jioni akafa. Nawe ulisimama mbele ya watu ukasema Shikanga, aliyemchunga miaka tisa, amekula hongo akamtilia sumu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwachia hata ndama. Sasa anakata miwa Navakholo, na mkewe amerudi kwao.

Ni mimi niliyemuua Tufani. Ijumaa ile nilikuja na nusu debe ya molasi kutoka kiwandani. Nilikuwa nimesikia kwamba ng'ombe huipenda, nikataka apate nguvu. Najua kwetu mwanamke hamkaribii fahali wa vita siku moja kabla ya mchezo, kwa hiyo nilingoja hadi mlipoingia ndani kula. Alilamba yote, akanilamba na mkono. Nilifurahi sana, Baba. Kisha nikanyamaza miezi saba, kwanza kwa kutojua, halafu kwa woga.

Wiki jana nilimfuata Shikanga shambani nikamwambia. Hakuacha kukata. Alisema alijua tangu asubuhi ile, maana alinusa molasi mdomoni mwa Tufani, na kwetu ni mtu mmoja tu ananukanga hivyo. Nikamuuliza mbona hakujitetea. Akasema yeye ni mtu wa kuajiriwa tu, lakini mimi ungenifukuza mbele ya watu wote wa Isukha, na ukishasema neno huwa hulirudishi. Niliona haya, nikalia pale pale kati ya miwa. Yeye akaniambia nisimame, siafu watanipanda.

Najua Mwalimu Oduor ndiye anayekusomea barua. Akimaliza, naomba aisome mara ya pili Jumamosi, uwanjani Khayega, akisimama pale uliposimama wewe. Shikanga amekataa kuja, lakini nitamleta, hata kwa kumvuta shati. Ukitaka kunifukuza, nitakuwa mbele yako.

Msalimie Mama, na umwambie nampenda. Mungu akutunzie hilo goti.

Mwalimu, ukifika hapa usishushe sauti. Watu wote walisikia jina la Shikanga, basi na walisikie na langu.

Mwanao,
Muhonja binti Elkanah