Shule Tuliyoibeba Kichwani

Mjukuu wangu Tumaini,

Bwana asifiwe. Hapa Igawa tu wazima, babu yako yuko kwenye mpunga.

Unauliza ukihamia kwangu usome sekondari ipi, ile kongwe ya barabarani au hii ya kata wanayoicheka. Kongwe ina maabara, sikatai. Lakini hii tuliijenga sisi akina mama. Kila Jumapili tulitoka ibadani tukabeba matofali kichwani, na vitenge vyetu vizuri vikachafuka.

Dereva wa lori akatupigia kelele, “Mama, mnajenga banda la mbuzi?”

Nikamjibu, “Ndiyo, na wako mlete, tutampokea!”

Mama yako alisomea humo, leo ni muuguzi. Njoo usome hapa. Wakikucheka, gusa ukuta uwaambie, “Huu ni wa bibi yangu.”

Bibi yako anayekuombea