Skafu ya Meneja Kalinga

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimepewa barua ya onyo. Kosa: kufuma kikaoni. Meneja Kalinga kaiandika, kaisaini, kisha kaniletea mimi niiweke kwenye jalada langu, maana karani wa masjala ni mimi. Nikaigonga muhuri. Kikao kilichukua saa tatu, nikamaliza mkono mmoja wa sweta la Anjela. Baridi ya Iringa mwezi huu haina mzaha, na mtoto anakua. Waliokuwa wanachezea simu hawakuandikiwa kitu.

Jumatano, 11 Juni
Waraka kutoka makao makuu, Mbeya. Kila meneja ajaze fomu: hobi yake ni ipi na imempa ujuzi gani kazini. Dada wa mafunzo kule, Goodness, anaamini wacheza mpira wanajua kushirikiana, wapanda milima wanajua kuvumilia. Atakayeandika vizuri kuliko wote atazungumza kwenye semina.
Saa tisa Kalinga akaja masjala, akafunga mlango.
"Mama Anjela, hivi kufuma ni kugumu?"
Kwenye barua ya onyo nilikuwa Bi. Frida. Leo ni Mama Anjela.
Akasema mpira goti limekataa, na kwaya walimwomba apumzike. Nikampa sindano na uzi wa kijivu. Tumeanza skafu.

Jumanne, 17 Juni
Somo la tano. Kila saa ya chakula tunajifungia. Watu watasema, na waseme.
Kitanzi kilimponyoka, akagundua mistari minane baadaye. Nikangoja anune. Akafumua yote, taratibu. "Kosa langu mwenyewe," akasema. Miaka sita niko chini yake, sikuwahi kusikia maneno hayo. Nilitamani nimwandikie cheti.

Ijumaa, 20 Juni
Balaa. Lori la mbegu za viazi za wakulima wa Mbeya lilishushwa mzigo Nyololo, njiani, halikufika. Siku sita chini ya turubai — zimeoza. Wakulima wameshalima, wanangoja. Kalinga kasema mbele ya watu wote kwamba Aroni wa stoo hajui kusoma oda.
Nikafungua jalada. Oda imeandikwa Nyololo. Mwandiko wa Kalinga, sahihi ya Kalinga, Ijumaa iliyopita.
Nakumbuka vizuri. Aliijaza mezani kwangu, sindano kwapani, anahesabu vitanzi kwa sauti. Alipofika thelathini na mbili akaandika jina la mahali. Mimi nilikuwa nacheka.

Jumatatu, 23 Juni
Aroni alikuja asubuhi. Hakukaa.
"Dada, ile oda unayo?"
"Ninayo."
"Basi itoe."
Nikamwambia jalada halitoki bila ruhusa ya meneja. Ni kweli, ndivyo utaratibu ulivyo. Akaitazama skafu juu ya kiti. "Haya, dada," akaenda zake.
Mchana nikampelekea Kalinga oda. Akaisoma mara mbili.
"Irudishe, Mama Anjela. Hayo yameshapita."
Halafu akaomba jalada langu. Akachomoa barua ya onyo, akaikunja, akaitia mfukoni. Akatoka. Na mimi nikalirudisha jalada kabatini.

Jumatano, 25 Juni
Barua ya Aroni imetoka. Ahamie Mbeya, awe mhudumu wa ofisi. Nimeigonga muhuri.

Ijumaa, 4 Julai. Mbeya, ukumbini
Naandikia mapajani, majirani wanadhani nanukuu hotuba.
Fomu ya Kalinga imeshinda, na mimi kanileta nimsikie. Amesimama mbele, skafu shingoni. Kufuma kumemfundisha uvumilivu, umakini na kukiri makosa. Kwenye umakini nilikohoa. Ameeleza jinsi alivyofumua mistari minane. Leo imekuwa kumi na nane. Wamempigia makofi, na Goodness kaandika ukurasa mzima.
Aroni yuko hapa, anagawa maji. Kaniwekea chupa. "Karibu Mbeya, dada." Hakuna hasira usoni; ingekuwepo, ingekuwa afadhali.
Nakala ya oda iko mkobani. Niliitoa jana kwenye jalada bila ruhusa ya mtu, na tangu Iringa mpaka hapa nimejiambia nimeibeba tu.
Sasa Goodness anauliza kama mwalimu wa meneja yupo. Kalinga ananionyesha kwa kidole, anatabasamu. Ukumbi mzima umegeuka. Goodness anataka mfano mmoja tu, wa ofisini, nilioushuhudia mwenyewe: siku meneja alipokosea na akakiri.
Kalinga bado anatabasamu, ila kidole kimeshuka.
Wanasema ningoje maiki. Inapitishwa katikati ya meza. Anayeileta ni Aroni, ndiyo kazi yake siku hizi. Ameshafika, amenyoosha mkono wenye maiki. Naweka kalamu, nafungua mkoba.