Mstari Uliolala

Dada mpenzi,

Nakusalimu sana, na natumaini barua hii inakukuta umepata walau usingizi. Sisi huku tunasukuma siku. Uniwie radhi kwa mwandiko, hasira hazijanitoka.

Najua tangu ripoti ya majaribio ya kampuni yetu ikufikie shemeji hana wimbo mwingine: kifaa kimesema huna kitu, basi unajidekeza. Kifaa hicho ulichovaa mkononi nilikiunga kwa mikono hii hii iliyoanza na redio mbovu sokoni. Nikafungua vipimo vyako ghafi. Dada, joto lilikuwepo! Nyuzi mbili na nusu ndani ya dakika tatu, tena na tena. Programu ndiyo iliyolifuta. Mhandisi mkuu aliiamuru itupe kila joto linalopanda ghafla, akidhani ni kifaa kulegea, maana alikijaribu kwa vijana wa kiume waliokaa kwenye kiyoyozi. Yaani tumeunda mashine ya kutafuta joto la wanawake wanaokoma hedhi, kisha tukaifundisha kulitupa.

Nilipomweleza alicheka, akaniita Mama Waya kama kawaida yake, akasema labda ninyi mliokivaa mlikuwa jikoni. Nikamuuliza, wanawake wote mia na kumi na wawili? Akanijibu kwamba wafadhili wanakuja Alhamisi, vifaa viende hospitalini, nisimharibie.

Alhamisi nikakaa mbele ya wageni, kifaa mkononi, ukutani mistari miwili: wa vipimo ghafi, na wa programu. Nikanywa chai ya moto, nikaomba kiyoyozi kizimwe. Joto halikuja. Mkuu akatazama saa, akakohoa, akasema inatosha. Nikamwomba dakika moja tu. Ndipo lilipokuja, kutoka kifuani hadi masikioni. Mstari wa kwanza ukaruka. Wa pili ukalala kama rula, na jasho langu likidondoka mezani mbele yao wote. Hakuna aliyecheka.

Ndiyo, dada. Huu ni mwaka wa pili, na arobaini sijafika. Sijamwambia mtu, hata mume wangu, ambaye jina la mtoto ameshalichagua. Sasa ofisi nzima inajua. Leo jioni namwambia mwenyewe, kabla hajaambiwa na wengine.

Ripoti zote zinaandikwa upya. Yako ya kweli nimeiambatisha. Wabusu watoto, nawe jitunze. Shemeji mwambie mashine imekubali kwamba ilikosea. Imebaki zamu yake.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Waya