Majani Aliyokula Rehema

Jumatatu, 3 Machi
Tumechuma tangu umande. Mnavu tu. Majani mbali, matunda mabichi mbali. Dada Upendo, mtafiti aliyetuajiri, hataki vichanganyike. Mgongo unauma. Huku Gonja hakuna pa kusimama pasipo mteremko. Kwetu Kibondo ni mbali.

Jioni Mama Namkunda, mwenye nyumba, alipika mnavu huohuo. Nikala ugali na chumvi.

"Wewe Muha, mboga kuichuma hodari, kuila unaiogopa?"

Wenzangu wakacheka.

Jumatano, 5 Machi
Nageuza majani kwenye chanja, ndani, kivulini. Yakikauka yana sauti ya mtu anayejigeuza mkekani. Leo nilimsikia mke wangu, Rehema, akikohoa nyuma ya chanja. Nikaenda kutazama. Hakuna mtu.

Rehema alikula mnavu aliopikiwa na mama yangu. Alikula peke yake. Kesho yake tukamzika. Shemeji zangu wakasema mama kamlisha sumu. Tangu hapo hakuna jirani anayepokea hata maji mkononi mwake. Mimi sijui. Ndiyo maana niliondoka.

Jumamosi, 8 Machi
Mvua. Tumetwanga majani, tumeyaloweka kwenye spiriti. Dada Upendo anasema mashine ya chuoni itatenganisha kila kilichomo, cha kumjenga mtu na cha kumdhuru. Sina usingizi. Naogopa majibu.

Ijumaa, 21 Machi
Majibu yamekuja. Nilimwuliza Dada Upendo kama sahani moja inaweza kuua mtu.

"Matunda mabichi ndiyo yana sumu nyingi, kaka. Majani haya, yakichemshwa na maji yakamwagwa, hapana. Si unaniona nayala kila siku?"

"Na ya kwetu Kibondo?"

"Ya kwenu sijayapima. Siwezi kukudanganya."

Nilikasirika. Nilitaka neno moja tu. Baadaye, nikichambua, nikakumbuka mikono ya mama siku ile. Alikuwa anatupa matunda yote nje, kisha anapekua tena majani. Maji ya kwanza aliyamwaga.

Si mama. Sasa ni nini kilimuua Rehema? Hilo hakuna wa kunipimia.

Jumapili, 23 Machi
Nimekula mnavu. Mchungu kidogo. Mama Namkunda aliniona, hakutania.

Nikampigia mama. Aliuliza nimekula nini. Nikamwambia. Nikaomba nikirudi anipikie na mimi.

Akasema huko mnavu umeota mpaka mlangoni kwake. Hakuna anayeuchuma.